Acheni Kusugua Riale za Bibi

Karibu kila familia ya pwani yenye riale moja kabatini ina mtu anayeapa kwamba ile ni mali kubwa. Hoja yake ni fupi: sarafu imeandikwa 1780, kwa hiyo ina zaidi ya karne mbili, na kitu cha karne mbili hakiwezi kuwa cha bei ya chini. Ikiwa imetobolewa, atasema tundu halidhuru. Ikiwa imelika hata sura haionekani vizuri, atasema ndiyo afadhali, maana kulika ni ushahidi wa ukongwe. Nimeisikia hoja hii Mji Mkongwe, nimeisikia Mombasa, na jamaa zetu walioko Maskati wanaitoa vilevile bila kupunguza neno. Naipinga yote, na naipinga kwa sababu nimeona inachofanya kwenye masanduku ya watu.

Tuanze na hiyo tarehe. Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Fedha yake, ndiyo hii riale, ilikuwa imekwisha kuzoeleka kwa wafanyabiashara wa Shamu, Misri, Yemen na Habesha, na watu hao hawakutaka sura nyingine wala tarehe nyingine. Walioizoea waliikagua kwa makini; wapo waliohesabu mpaka lulu za kwenye bruchi ya malkia kabla hawajakubali kuipokea. Basi waliomrithi wakaendelea kuipiga chapa ileile, na mwaka uleule wa 1780, kana kwamba hajafa. Iliendelea kutoka Vienna, Prague, Milan na Venice katika karne ya 19. Mwaka 1935 Mussolini alipotaka fedha ya kuingia nayo Ethiopia, alipata haki ya kuipiga Roma. Waingereza nao wakaanza kuitengeneza London, kisha Bombay mwaka 1940 na 1941 wakati wa kumtoa Mtaliano Ethiopia, na baadaye Birmingham. Paris na Brussels nazo ziliitengeneza. Vienna wanaiuza hadi leo, mpya kabisa, ikiwa bado na 1780 mgongoni. Jumla yake yote inakadiriwa kupita milioni 300.

Kwa hiyo mtu anayeshika riale na kusoma 1780 hajasoma umri wake. Huenda ameshika fedha iliyopigwa chapa zama za Sayyid Said, Sultani wa Maskati na Unguja, huenda ni ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huenda ni ya mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa shuleni. Na hata kama ni ya zamani kweli, uzee haujawahi kuifanya sarafu kuwa adimu. Adimu ni ile iliyobaki chache huku wanaoitaka wakiwa wengi. Zipo sarafu za Kirumi za karne ya 4 zinazouzwa kwa bei ya sahani ya pilau hotelini, kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno na zinaendelea kufukuliwa kila mwaka.

Hapa ndipo wenye matumaini huhamisha hoja. Watasema: sawa, nyingi ni za baadaye, lakini yangu inaweza kuwa ya mwanzo kabisa, ya Günzburg, na ina zile herufi S.F. chini ya kifua cha malkia. Herufi hizo ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, hilo ni kweli. Lakini waliofuata waliziiga pamoja na kila kitu kingine, kwa hiyo S.F. ipo kwenye sarafu ya Günzburg na ipo kwenye sarafu ya Birmingham. Wanaozichambua kwa kazi, wakifuata orodha kama ile aliyoitoa Walter Hafner mwaka 1984, hawatazami tarehe wala herufi hizo peke yake. Wanatazama umbo la bruchi begani, lulu zake zimekaaje, manyoya ya mkia wa tai yamepangwaje, nukta imewekwa kabla ya neno au baada yake, mapambo ya ukingoni yana sura gani. Ni vitu vidogo vya kutazamwa kwa lenzi, na vyote vimesimama juu ya uso wa sarafu, pale panapolika kwanza.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo, kwa maana hoja yangu yote imekaa hapo. Sarafu iliyolika, iliyosuguliwa, iliyotobolewa kichwani au kulehemiwa begani imepoteza zile alama ambazo zingethibitisha kwamba ni adimu. Anayeshikilia riale mbovu na kutumaini imebeba siri anatumaini kitu ambacho, hata kingekuwepo, hakuna mtu angeweza kukithibitisha. Mnunuzi wa sarafu adimu hanunui uwezekano. Ananunua alama anayoiona kwa jicho lake, na asipoiona halipi.

Najua kitakachofuata. Nitaambiwa habari ya dola ya Sayyid Said. Haya, tuizungumze, maana ni habari ya kweli na ni yetu, na imetumiwa vibaya mno.

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan huko Maskati. Serikali ya Rais Andrew Jackson ilipomrudisha na mkataba ulioidhinishwa, iliagiza zawadi, na miongoni mwa zawadi hizo kulikuwa na seti ya sarafu za Marekani, kila aina moja. Dola ya fedha ilikuwa imeacha kutengenezwa miaka thelathini nyuma. Maofisa wakatazama madaftari, wakaona dola za mwisho ziliandikwa mwaka 1804, wakachonga chapa mpya yenye tarehe hiyo. Kumbe dola 19,570 zilizohesabiwa mwaka 1804 zilikuwa zimepigwa kwa chapa za zamani, zenye tarehe ya 1803 na kabla yake. Dola ya 1804 haikutengenezwa 1804. Ilitengenezwa 1834, ikawekwa katika kikasha, ikapakiwa kwenye manowari Peacock, ambayo mwaka 1835 ilipita Unguja na kisha ikakwama kwenye miamba karibu na kisiwa cha Masirah kabla ya kufika Maskati. Inayoaminika kuwa ndiyo zawadi ya Sayyid Said ilionekana baadaye Uingereza, ikauzwa London mwaka 1917, ikapita mikono ya wakusanyaji wa Marekani, ikauzwa dola milioni 4.14 mwaka 1999, na Agosti 2021 ikauzwa dola milioni 7.68.

Habari hiyo ilipofika huku ilipoteza kila kitu isipokuwa ile bei. Watu walisikia kwamba dola ya zamani ya Sultani imeuzwa mamilioni, wakakimbilia kabatini. Lakini tazama kilichoipa bei ile. Dola zote za 1804 zinazojulikana duniani hazifiki ishirini. Ile ya Sayyid Said haikuwahi kununua hata pishi moja ya mchele. Haikuguswa na mkono wa muuza samaki, haikutobolewa, haikuchanganywa na nyingine mfukoni. Nyuso zake bado zinang'aa kama kioo, vile alivyozikusudia aliyezipiga. Na safari yake inafahamika kwa muda mrefu, mwenye nayo baada ya mwenye nayo. Hakuna hata sifa moja kati ya hizo ambayo riale ya kabatini inayo. Kuilinganisha na dola ile kwa sababu zote mbili ni za fedha na zote zilifika kwa Sayyid Said ni kuwadanganya watu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakadai kwamba wafanyabiashara wa Salem, Marekani, wale waliotuletea kitambaa cha merikani, waliacha dola zao nyingi za wakati huo pwani yetu. Hesabu haikubali. Baada ya 1804 na mpaka 1836 kiwanda cha sarafu cha Marekani hakikutengeneza dola ya fedha kwa ajili ya matumizi, na utengenezaji wa kawaida ulirudi mwaka 1840. Nahodha wa Salem aliyefika Unguja mwaka 1830 hakuwa na dola mpya ya nchi yake ya kuleta. Alikuja na dola za Kihispania na za Meksiko, na riale hizihizi za Maria Theresa. Leo nikionyeshwa dola ya Kimarekani katika nyumba ya Kiswahili, mara nyingi ni ile iitwayo Morgan, ya mwaka 1921, iliyoletwa na jamaa kutoka ng'ambo. Mwaka huo kiwanda cha Philadelphia peke yake kilitoa dola za namna hiyo 44,690,000.

Sitaki kusema uongo upande wa pili. Zipo sarafu ambazo hata zikilika hubaki na bei. Dola ya Morgan ya 1893 iliyotoka San Francisco, yenye herufi S ndogo chini ya fundo la shada la majani, ilitengenezwa 100,000 tu, na hata iliyolika sana huuzwa kwa maelfu ya dola. Mwenye kutaja mfano huo anataja jambo la haki. Lakini kulika na kujeruhiwa ni mambo mawili. Kulika ni matumizi: sarafu imepita mikononi, miinuko yake imeshuka taratibu na kwa usawa, na wakusanyaji wana daraja za kuipimia hali hiyo, tangu 1 hadi 70. Jeraha ni tundu, mkwaruzo, lehemu, tindikali, kuzibwa kwa tundu na risasi au fedha nyingine. Sarafu yenye jeraha haipewi daraja safi. Huandikiwa kwamba ina kasoro, na bei yake huporomoka hata kama ni adimu. Na ile herufi S hughushiwa: hubandikwa kwenye sarafu ya kawaida, au hubadilishwa tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kwa hiyo hata hapo, mwenye sarafu mbovu anahitaji uthibitisho zaidi kuliko mwenye nzima, na uso wake una machache ya kumsaidia.

Ningeyaacha matumaini haya yakae kama yangekuwa matumaini tu. Mtu akitaka kuota mchana barazani, hilo halinidhuru. Lakini matumaini ya namna hii yana mikono, na mikono hiyo hushika ndimu, majivu, magadi, dawa ya meno na brashi ya kusugulia masufuria. Hatua ya kwanza ya kila anayeamini ana hazina ni kuisafisha ili aone vizuri. Fedha ikikaa miaka mingi hufunikwa na weusi mwembamba, wakati mwingine wenye rangi ya bluu au kahawia, unaotokana na salfa iliyo hewani. Weusi huo haudhuru sarafu. Unakaa juu ya umbo lote, kwenye bonde na kwenye mwinuko, na mjuzi anapoutazama anajua kwamba uso haujaguswa. Majivu na dawa ya meno vina chembechembe za kukwaruza. Zinapoondoa weusi zinaondoa na fedha, na zinaacha michirizi elfu inayokimbia upande mmoja, ambayo kwenye lenzi inaonekana wazi na haiwezi kufutwa tena na mtu yeyote. Sarafu inang'aa, mwenye nayo anafurahi, na ile nafasi ndogo aliyokuwa nayo ya kusoma lulu za bruchi imekwenda na maji ya kusuuzia.

Hatua ya pili ni mbaya zaidi. Mtu anaambiwa na mjuaji wa mtaani kwamba wakusanyaji hawataki sarafu zenye pete, basi anachukua mkufu wa bibi yake na koleo. Hili nimeliona kwa macho yangu kwenye kibanda cha sonara. Aliletewa kidani cha zamani chenye riale, kila moja na pete yake imelehemiwa juu ya kichwa cha malkia, katikati zimepangwa shanga za fedha zilizofumwa kwa waya mwembamba. Mwenye kidani alitaka pete zote ziondolewe na madoa ya lehemu yasuguliwe ili sarafu "zirudi kuwa sarafu". Sonara, mzee wa watu, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hizi zilikuwa kitu, sasa unataka ziwe vipande." Hakusikilizwa. Pete zikakatwa, kila riale ikabaki na kovu la kijivu juu ya ushungi wa malkia, na shanga zikatiwa kwenye mfuko wa plastiki kama misumari.

Ushungi ule ni wa eda. Mumewe, Francis wa Kwanza, alikufa Agosti 1765, na tangu hapo malkia akachongwa kwenye fedha yake akiwa amejifunika kama mjane. Wanawake wa pwani na wa Uarabuni walimvaa kifuani vizazi kwa vizazi hali hiyohiyo.

Napinga kabisa watu wanaoliita tundu la riale "uharibifu" halafu wakataka kuliondoa kwa tamaa ya bei. Lile tundu ndilo linalosema sarafu hii ilikuwa ya nani. Mahari zilitajwa kwa riale. Mwanamke aliyekuwa hana shamba wala nyumba kwa jina lake alikuwa na riale zake, alizivaa, na siku ya shida aliuza moja akabaki na nyingine. Tazama tundu kwa karibu: kwenye riale iliyovaliwa kweli, ukingo wa juu wa tundu umelika kuliko wa chini, tundu limerefuka kidogo kuelekea ukingoni, kwa sababu pete ilining'iniza uzito ule miaka mingi. Upande uliolalia kifua ni laini kuliko upande uliotazama nje. Kwenye riale iliyotobolewa jana kwa mashine ili iuzwe kwa watalii, tundu ni duara kamili na kingo zake ni kali. Hiyo ni elimu ambayo sarafu "safi" haiwezi kuitoa. Kidani kizima chenye lehemu zake za zamani kina wanunuzi wake, watu wa mapambo ya kale na makumbusho, nao hulipa zaidi ya jumla ya vipande vyake. Ukikikata unapata sarafu za kawaida zenye makovu, ambazo wa sarafu hawazitaki na wa mapambo hawazitaki tena.

Kuna na majeraha ambayo si majeraha kabisa, na hapa wenye haraka ya kusugua hufanya dhambi yao kubwa. Riale na dola nyingine zilipigwa mihuri midogo na serikali au wafanyabiashara waliozipokea. Dola za biashara za Marekani zilizotengenezwa kati ya 1873 na 1878 kwa ajili ya China mara nyingi zina alama ndogondogo za Kichina, muhuri wa kila mfanyabiashara aliyezipima akaridhika. Zipo riale zilizopigwa muhuri wa Hijazi na wa Najdi mwanzoni mwa karne ya 20, na Wareno wa Msumbiji nao walizipiga yao. Asiyejua huona mkwaruzo, akachukua msasa. Anayejua huchukua lenzi, na hata yeye huwa na wasiwasi, maana mihuri ya Hijazi na Najdi imeghushiwa kwa wingi kwenye riale za kawaida.

Baada ya kusugua na kukata huja wale wanaoishi juu ya matumaini. Dalali wa kwanza anasema riale yako ni ya mamilioni, ila lazima ulipe ada ya kuithibitisha, halafu ada ya kibali, halafu ya kuisafirisha. Huyu ni ndugu wa yule anayetafuta "mali za Mjerumani" bara, mwenye kuuza ramani za masanduku yaliyofukiwa na kila mara kumtaja mtu mwenye ile dhahabu ya Tabora. Dhahabu hiyo ilikuwepo: mwaka 1916 Wajerumani walipiga Tabora sarafu ya rupia 15 yenye tembo, zaidi kidogo ya 16,000, kwa dhahabu ya Sekenke. Ukweli mdogo wa namna hiyo ndio chambo kizuri kuliko uongo mtupu. Watu wanaingia mkenge kwa sababu wamekwisha kuamini kwamba kitu cha zamani lazima kiwe hazina. Dalali hana kazi ya kuwashawishi, anavuna tu kilichopandwa na mjomba wao barazani.

Dalali wa pili ndiye anayeniudhi zaidi. Huyu anaitazama riale ileile, anaona tundu, anakunja uso na kusema haina thamani yoyote, nitakupa kitu kidogo kwa huruma. Halafu anaipeleka dukani, inauzwa kama pambo la kale. Hawa wawili wanategemeana. Aliyeahidiwa mamilioni na wa kwanza, akaja kukatishwa tamaa na wa pili, hukubali bei yoyote kwa uchungu. Na yote mawili ni uongo. Riale ina thamani, na thamani hiyo mtu yeyote anaweza kuihesabu kwa kidole mchangani. Uzito wake kamili ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Hiyo ni fedha tupu gramu 23.4 kwa kila riale. Dola ya Morgan ina uzito wa gramu 26.73, fedha yake ni 900 kwa 1,000, kwa hiyo fedha tupu ni gramu 24. Zidisha kwa bei ya gramu ya fedha siku hiyo, na hapo pana sakafu ambayo hakuna haki ya kwenda chini yake, tundu au si tundu. Tundu lenyewe linapunguza sehemu ndogo ya gramu.

Wenzangu watasema: unawakataza watu kutafuta, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nasema wainame, lakini watazame. Kazi ya kuitambua sarafu mbovu haihitaji matumaini wala mtaalamu wa Ulaya kwa hatua zake za kwanza. Tarehe ikiwa imefutika, nenda ukingoni, maana ukingo hulika polepole. Riale ya Maria Theresa ina maandishi yaliyoinuka kuzunguka ukingo, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, yakitenganishwa na mapambo. Dola za mwanzo za Marekani, za 1794 hadi 1803, nazo zina maandishi ukingoni, HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, lakini yamezama ndani. Morgan ina meno yaliyosimama. Dola ya Kihispania, ile ambayo wazee waliiita riale ya mzinga kwa sababu ya nguzo zake mbili, ina duara na pembenne zinazopokezana. Ukiona mstari mwembamba unaokata ukingo katikati kuizunguka sarafu nzima, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, ni bandia, na habari imekwisha.

Halafu maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara inayosoma sehemu za gramu, uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, iteremshe taratibu mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Maji yatapanda kidogo na mizani itasoma kiasi cha gramu 2.75 kwa riale nzima. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo, utapata 10.2 hivi ikiwa ni fedha ya riale, na 10.3 ikiwa ni ya Morgan. Ya shaba nyeupe haifiki 9. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba tundu halikisumbui: sarafu iliyopungua inasukuma maji pungufu, na jibu linabaki lilelile. Sumaku itakuonyesha chuma tu; shaba bandia inapita mbele yake bila kusita.

Tamaa ya dola kubwa inatunyima pia macho ya kuona vitu vyetu vilivyo adimu kweli. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipiga riale yake ya fedha huko Brussels, yenye mwaka wa Hijria 1299, na zilizobaki ni chache. Haina sura ya mtu, ina maandishi ya Kiarabu, kwa hiyo wengi huidhania medali. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walipata zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zenye majina ya watawala wa pwani, vipande vidogo hata kucha ya kidole inavipita. Kilwa ilipiga sarafu za shaba ambazo maneno ya upande mmoja yanakamilisha kwa vina maneno ya upande wa pili, jina la sultani likiitikia sifa za Mungu. Mtoto akiokota ya Kilwa ufukweni huambiwa aitupe, imeota kutu. Riale iliyotoka Birmingham hufungwa kwenye leso na kufichwa.

Na sarafu iliyotoka ardhini si ya kupeleka kwa dalali. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863. Sababu yake si ukali wa serikali. Zile za Mtambwe zimetufundisha kitu kwa sababu zilipatikana pamoja, mahali panapojulikana, zikahesabiwa papo hapo. Zingekuwa zimetawanywa moja moja madukani, zingekuwa takataka nzuri.

Kwa mwenye moja tu sandukuni, isiyo na kidani wala historia anayoijua, basi na afanye hivi. Aiache na weusi wake. Aishike kwa ukingo. Aipige picha pande zote mbili na ukingo, mchana, kwenye mwanga wa pembeni. Aipime kavu na majini. Kisha amuulize aliye mkubwa zaidi nyumbani ilikuwa ya nani, ilivaliwa wapi, ilitoka mahari gani, na aandike majibu kwenye karatasi akiyatia pamoja na sarafu, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari. Akitaka kuiuza, ni haki yake. Aingie dukani akiwa anajua gramu zake na bei ya fedha ya siku ile. Dalali akikataa kuipima mbele ya macho yake, aichukue aondoke nayo.